Saa 3:12

Jumatatu, 16 Machi

Kabla sijaandika neno la kwanza nimejiwekea sharti: humu nitasema yote. Yanayonipendeza na yanayoniaibisha. Daftari likidanganywa na mwenyewe, basi lilitengenezwa la nini?

Baba amerudi kutoka kazini na bahasha. Hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaisoma barua, akaikunja, akaikunjua tena. Bibi akamwuliza kama ni barua ya posa, maana inasomwa kama ya posa. Baba hakucheka. Kwa kawaida mama yake akitania, hucheka.

Ni taarifa ya kosa la mwendo kasi. Askari alisimama na tochi—ndivyo madereva wanavyokiita kile kibunduki cha kupimia mwendo—kwenye barabara ya kwenda hospitalini. Akalipima gari la Baba bila kulisimamisha. Siku yenyewe ni Jumanne, tarehe 3 mwezi huu. Fomu imejazwa kwa kalamu: Saa 3:12. Mwendo 74. Mwisho unaoruhusiwa 50.

Baba ni dereva wa kiwanda cha kufua nguo. Asubuhi hupeleka shuka safi hospitalini, alasiri hurudi kuchukua chafu. Wenzake wanamwita Kobe. Wanasema akiondoka na shuka zilizolowa, zitafika zimekauka.

Faini yenyewe tungeilipa, tukanung'unika, tukasahau. Lakini anayezidisha mwendo kwa zaidi ya ishirini hunyang'anywa leseni miezi mitatu. Na dereva asiye na leseni, pale kiwandani, hurudishwa kwenye chumba cha mvuke. Baba alifanya kazi humo miaka sita. Alipotoka, kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Nilikuwa naisikia kabla hajagusa kitasa cha mlango. Daktari ndiye aliyesema atolewe humo.

Mama yuko masomoni mji mwingine hadi Juni, kwa hiyo nyumbani tuko watatu. Tukaketi kula. Baba alisema kitu kimoja tu. "Sabini na nne. Mimi?"

Jumanne, 17 Machi

Kumbe gari la Baba lina GPS. Sikujua. Ni kiboksi kidogo chini ya dashibodi. Kila nusu dakika kinaandika gari liko wapi, limekwenda umbali gani, na kwa kasi gani. Anayesoma maandishi hayo ni karani wa ofisini. Madereva wamembatiza jina la Bwana Setilaiti, kwa sababu anajua nani alisimama kunywa chai na kwa dakika ngapi.

Leo Baba ameingia ofisini kwake bila kuitwa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Bwana Setilaiti akafungua kompyuta. Akatafuta tarehe 3, saa 3:12. Ukatokea mstari wa 03:12. Mwendo: sifuri. Mahali: uwanja wa kiwanda.

Baba anasema yule bwana alicheka mpaka akavua miwani. Eti, "Kobe, wamekupima sabini na nne wewe umelala kwako na gari limelala kwetu. Hospitali gani inapokea shuka saa tisa usiku?" Mwaka jana alimwokoa dereva mwingine kwa njia hiyo hiyo. Akachapa karatasi, akagonga muhuri. Malalamiko yatasikilizwa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 27, saa nne asubuhi, ofisi ya usalama barabarani.

Bibi amesema basi siku hizi majini nayo yanafua shuka. Baba amecheka kwa sauti. Amekula sahani mbili.

Alhamisi, 19 Machi

Nimepewa kazi. Baba anataka barua ya kuambatanisha na ile karatasi, na anataka niiandike mimi. Yeye anasema mwandiko wake ni wa kuku aliyekanyaga wino. "Wewe ndiye mwenye shule," akasema. "Andika kwa adabu lakini wasituone wanyonge."

Nimefurahi kuliko ninavyopaswa kufurahi.

Nimemwomba aniletee kumbukumbu ya siku nzima, si mstari mmoja. Mwalimu wa hisabati ametufundisha tusinukuu namba kutoka kwenye jedwali ambalo hatujaliona lote. Baba akasema Bwana Setilaiti ni mchoyo wa karatasi, lakini atajaribu.

Jumamosi, 21 Machi

Karatasi zimekuja. Ishirini na tatu. Baba yuko kazini, Bibi alikuwa uani anafua. Nikakaa mezani na rula ili nisipoteze mstari.

Nilianza kuzisoma kama hadithi. Hapa Baba yuko kwenye taa za barabarani. Hapa anapanda kilima, thelathini na moja, thelathini, ishirini na nane. Kobe kweli. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Halafu nikarudi ukurasa wa kwanza. Gari liliondoka uwanjani 03:38.

Haiwezekani. Baba hutoka nyumbani saa kumi na mbili kamili, na gari hutoka kiwandani saa kumi na mbili na nusu au zaidi kidogo. Hajawahi kutoka saa tisa na dakika thelathini na nane za usiku. Nikatazama mwisho: gari lilirudi 13:20. Lakini Baba hurudisha gari saa kumi na nusu hivi, jioni. Mwanzo umepungua saa tatu. Mwisho umepungua saa tatu. Kile kiboksi hakifuati saa yetu. Kinafuata saa ya dunia, ile ya kwenye ramani ya jiografia, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu.

Kwa hiyo 03:12 ya karatasi yenye muhuri si saa tisa usiku hata kidogo. Ni saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Gari bado halijawashwa. Sifuri ni sifuri.

Ningeweza kuishia hapo. Nimeahidi kusema yote: nilitaka kuishia hapo.

Lakini niliitazama tena fomu ya askari. Saa 3:12. Kwa kalamu. Hakuna kitu cha mashine pale. Mtu aliyesimama kando ya barabara, ametazama saa yake, ameandika kama anavyotamka. Mimi nikiulizwa shuleni tunaingia kipindi cha pili saa ngapi, nitasema saa tatu, na nikiandika nitaandika 3. Askari aliandika saa tatu na dakika kumi na mbili. Asubuhi. Kwenye simu ni 9:12. Kwenye kiboksi ni 06:12.

Kisa kizima kina saa tatu ndani yake—yaani saa za namna tatu. Ya mdomoni, ya simuni na ya setilaiti. Na Bwana Setilaiti alichukua ya mdomoni akaitafuta kwenye ya setilaiti.

Nikaenda 06:12.

06:11:30 — 58.
06:12:00 — 63.
06:12:30 — 49.

Si sabini na nne. Wala si hamsini. Baba alizidisha.

Sikumaliza barua. Nikaanza kutafuta kwa nini Kobe aliharakisha, nikakuta jambo jingine. Saa 05:58 gari lilisimama dakika nne mahali ambapo si hospitali wala kiwanda. Nikaingiza zile namba za mahali kwenye ramani ya simu ya Bibi. Alama nyekundu ikatua kwenye lango la shule yetu.

Tarehe 3. Mtihani wa maumbo ya duara. Nilisahau mkebe wangu wenye bikari, nikamlilia katibu wa shule anipigie simu nyumbani, na Bibi akampigia Baba. Baba akaja. Aliupitisha mkebe katikati ya vyuma vya lango. "Kimbia, mama," aliniambia. Nilikimbia. Sikusema hata asante. Nilipata tisini na mbili.

Jumapili, 22 Machi

Sijamwambia mtu. Nilikuwa napiga pasi sare, Bibi akanitazama weee. "Mke mwenzangu, hiyo kola umeipiga mara tatu. Ina ugomvi gani na wewe?"

Nikamwuliza kwa mbali. Kama mtu ana karatasi ambayo si ya kweli, na yeye hajui kwamba si ya kweli, akiitumia ana kosa?

Bibi akasema asiyejua hana kosa. Akachukua pasi mkononi mwangu, akaizima. Halafu akauliza, "Na wewe, hujui?"

Jumatatu, 23 Machi

Baada ya kipindi cha mwisho nilimwendea mwalimu wa hisabati. Nilimwambia nina swali ambalo halimo kitabuni. Chombo kinapimwa kila baada ya sekunde thelathini. Kimesoma 58, kisha 63, kisha 49. Je, katikati hapo kinaweza kuwa kimefika 74 bila kuonekana?

Hakuuliza ni chombo gani. Ndiyo sababu nampenda. Akachora nukta tatu ubaoni. Akasema kati ya nukta na nukta lolote linaweza kujificha, na wanaochora mstari mnyoofu wanafanya hivyo kwa imani tu.

"Lakini," akasema, "umbali unao?"

Ninao. Kati ya nukta ya kwanza na ya pili, mita 505. Kati ya ya pili na ya tatu, mita 467. Akanipa chaki. Nikagawanya kwa thelathini, nikazidisha kwa tatu nukta sita. Sitini na moja, kasoro kidogo. Kisha hamsini na sita.

"Sasa fikiri," akasema. Wastani wa 58 na 63 ni sitini na nusu. Wa 63 na 49 ni hamsini na sita. Umbali unakubaliana na mstari mnyoofu karibu kabisa. Chombo kingepanda mpaka sabini na nne kikashuka, kingeacha mita za ziada. Ziko wapi?

Nikamwuliza kama sasa naweza kusema haiwezekani. Akafuta ubao. Akasema niseme ni vigumu sana, na nionyeshe hesabu. "Anayesema haiwezekani, mtu mmoja tu akipata njia, amekwisha."

Sitini na tatu ni kuzidisha kwa kumi na tatu. Haifiki ishirini. Baba ataonywa, jina litaandikwa kwenye kitabu chao, lakini leseni itabaki. Wakimwamini. Karatasi yenye muhuri haihitaji kuaminiwa sana, ina sifuri. Hii yangu inahitaji.

Jumanne, 24 Machi

Nimemwambia Baba.

Nilisubiri amalize kula. Bibi akabeba vyombo, akakaa navyo jikoni muda mrefu bila maji kusikika. Niliweka karatasi mezani, nikaweka rula chini ya mstari, nikamweleza zile saa za namna tatu. Nilidhani nitatumia dakika kumi. Alielewa katika mbili. Dereva anajua saa kuliko mtu yeyote.

Akasema, "Kwa hiyo nilikwenda sitini na tatu."

Nikasema ndiyo.

"Na nimekuwa nawaambia watu wiki nzima kwamba wamenisingizia."

Nikasema wamemsingizia kidogo. Kumi na moja. Hakucheka, lakini mdomo ulitaka.

Alikaa anatazama mstari. Halafu akaniambia namna ilivyokuwa. Hospitali hutandua vitanda, na wagonjwa hukaa vitini wakisubiri shuka. Zikichelewa, kuna wazee wanasubiri wamekaa. Yeye alitakiwa kufika saa tatu na nusu. "Sikuitazama spidi," akasema. "Niliitazama saa."

Nikamwonyesha zile dakika nne za lango la shule. Nikasema kosa ni langu. Nilikuwa nimejiandaa kutolia, na sauti ikakatika hivyo hivyo.

Akaivuta rula, akaifunika mistari yote miwili. "Mkebe ulinituma wewe," akasema. "Mguu ulikuwa wangu."

Halafu akaenda kuoga. Hakusema atafanya nini.

Jumatano, 25 Machi

Baba ameniruhusu nipite kiwandani baada ya shule, nimwombe Bwana Setilaiti muhuri kwenye ukurasa wa 06:12. Nilidhani angekwenda mwenyewe. Akasema yeye akienda watabishana kuhusu chai.

Ofisi ni chumba chembamba juu ya ngazi ya chuma. Kutoka dirishani unakiona chumba cha mvuke chini, watu wamejifunga vitambaa vichwani, wanalisha shuka kwenye lile silinda la moto. Hewa inapanda mpaka juu. Karatasi zake zote zimejikunja pembe.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. "Binti Kobe. Karatasi ishirini na tatu hazikutosha?"

Nikamweleza. Kabla sijafika katikati akainua mkono. Akasema nimsikilize kama baba mdogo. Askari kaandika 3:12, kompyuta inasema 03:12 sifuri, muhuri upo, watu wamefurahi. "Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe."

Nikasema naomba tu atazame gari lilitoka uwanjani saa ngapi.

Alitazama. Akatazama siku nyingine. Akafungua mahali pa kupangia saa kwenye ile programu, na pale palikuwa na sifuri ambapo pangepaswa kuwa na tatu. Akaenda mwaka jana, mwezi baada ya mwezi. Akavua miwani, safari hii si kwa kucheka.

"Yule dereva niliyemwokoa," akasema polepole, "naye nilimwokoa kwa saa hii hii."

Sikujua adabu inasemaje mahali kama pale.

"Na wale niliowaandikia ripoti kwamba wamerudisha gari kabla ya wakati..." Hakumaliza. Chini mtu alipiga filimbi ya kubadilisha zamu, na sauti ya mashine ikabadilika.

Akachapa ukurasa wa 06:12. Akaandika pembeni kwa kalamu kwamba saa za kumbukumbu ziongezwe tatu. Akagonga muhuri, akaupulizia. "Nimegonga," akasema. "Sijakushauri. Ukiulizwa, sijakushauri."

Nilipofika mlangoni akaniita. Akauliza kama kweli Kobe alifika sitini na tatu. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo, nadhani, ilikuwa heshima.

Alhamisi, 26 Machi

Nimeandika barua mbili. Ya kwanza ni ile aliyoniagiza, fupi, yenye sifuri. Kila sentensi yake ni ya kweli ukiisoma peke yake. Hilo ndilo lililonishangaza. Saa 03:12 kwenye kumbukumbu, gari lilikuwa limesimama. Ni kweli. Na ni uongo mtupu.

Ya pili ina hesabu. Nimeanza na sitini na tatu mstari wa kwanza kabisa, ili wasidhani tunaificha. Nimeandika "ni vigumu sana", sikuandika "haiwezekani".

Baba amezisoma zote mbili akiwa amesimama. Akasema katika ya pili amekuwa mkosaji mwenye adabu. Nikamwuliza kama hiyo ni sifa. Akasema inategemea nani anasoma.

Baadaye, tukiwa tunakunja nguo, akaniambia nimsomee ile mistari mitatu. Nikasoma. Akasema tena, polepole. Akairudia mwenyewe kwa mdomo, hamsini na nane, sitini na tatu, arobaini na tisa, kama mtu anayejifunza shairi. Akaniuliza mita ngapi katika ya kwanza. Nikamwambia. Akauliza kwa nini tunazidisha kwa tatu nukta sita na si kwa namba nyingine. Nikamweleza kwa vijiti vya kiberiti.

Bibi akasema nyumba imegeuka chuo kikuu, na yeye bado hajaona cheti.

Nilitaka kumwuliza Baba moja kwa moja. Nilifungua mdomo. Akanikabidhi soksi za kukunja.

Ijumaa, 27 Machi

Naandika darasani, mapumziko. Wengine wako nje.

Asubuhi Baba alivaa shati jeupe la kazini, lile lililopita kwenye silinda. Aliziweka karatasi zote mbili zenye muhuri na barua zote mbili kwenye bahasha moja. Nimeona kwa macho yangu. Nikamwambia, Baba, zitachanganyika. Akasema hazitachanganyika, moja ina mikunjo mingi. Sikujua ni ipi. Bibi alimsindikiza mpaka nje. Hakutania hata kidogo.

Sasa ni saa nne na nusu. Kusikilizwa ni saa nne. Yuko ndani sasa hivi, au ametoka, au bado amekaa kwenye benchi na wenzake. Nimepiga hesabu ya dakika zote hizo na hakuna nukta hata moja niliyonayo.

Wakikataa, Jumatatu anashuka ngazi ya chuma kuingia kwenye mvuke. Na kama atabaki na leseni kwa ile sifuri, Jumatatu ataendesha gari kama kawaida, nami nitajua. Sijui nitamwamkia vipi. Nitamwamkia tu, ni Baba. Lakini sijui.

Nilimwendea mwalimu wa hisabati. Safari hii nilimwambia chombo ni gari na gari ni la Baba. Alinitazama kidogo, akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza. Akasema ujumbe mmoja, mfupi, na jibu likija ataniletea popote nilipo, hata katikati ya kipindi cha mtu mwingine.

Nimefuta mara nne. Kwanza niliandika mengi, kuhusu dua na kifua chake. Halafu nikaandika kuhusu leseni. Halafu nikaona kuna jambo moja tu ninalotaka kulijua, na si hilo la leseni. Kengele inakaribia. Nimetuma hivi:

Shikamoo Baba. Ni mimi, kwa simu ya mwalimu. Nijibu hapa hapa ukiisoma. Umewapa karatasi ipi?